Mwongozo Kamili: Kukarabati Jengo la Biashara Dodoma Ili Mteja Mwenye Ulemavu Aingie na Kutoka Bila Kubebwa

Rampu imejengwa, imepakwa rangi, hata alama ya kiti mwendo imechorwa. Anakuja mteja wa kwanza, anakwama katikati ya mteremko, na walinzi wawili wanaitwa kumsukuma. Akifika juu, mlango haupitiki. Akipitishwa mlango wa nyuma, choo kina ndoo na mafagio.

Makosa haya yanajirudia kwenye fremu za maduka, nyumba za wageni, kliniki binafsi na ofisi za kupangisha. Chanzo chake karibu kila mara ni kimoja: fundi anapewa rampu kama kazi ya mwisho, ajenge kwenye nafasi iliyobaki. Kinachotakiwa kupimwa ni safari nzima, kuanzia pale bajaji inaposimama, mlangoni, kaunta, chooni, na kurudi. Ikikatika sehemu moja, hela uliyotumia kwingine kote imekwenda bure.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo yanayotumiwa na umma yafikike. Vipimo vingi vya mwongozo huu vinakaribiana na kiwango cha kimataifa cha majengo yanayofikika, ISO 21542, na taratibu zilizozoeleka za ujenzi. Mchoro wako ulioidhinishwa ukiwa na kipimo kikali zaidi, fuata mchoro.

## Andaa hivi kwanza

Vya kupimia: futi kamba ya mita 5 na nyingine ya mita 30, pima maji ya sm 60, mpira wa maji unaoonesha wa mita 15, chaki, kamba na misumari. Azima kiti mwendo halisi. Usikisie kwa kiti cha ofisi chenye magurudumu. Hakina sehemu ya kuwekea miguu, na hiyo ndiyo inayogonga kuta na milango.

Kwa rampu moja ya kupanda sm 45, yenye upana wa mita 1.2, iliyojengwa sambamba na baraza, kadiria:

- saruji mifuko 15 ya kilo 50
- mchanga mita za ujazo 1.2, kokoto mita za ujazo 1.5
- moramu ya kujazia mita za ujazo 3 kabla ya kushindiliwa
- matofali ya inchi 6, yapata 70, pamoja na ya msingi
- nondo za mm 8, vipande 10 vya mita 12, au mesh (wavu wa nondo nyembamba) ya mita za mraba 12
- paipu ya chuma ya inchi moja na robo kwa ajili ya mikono ya kushikia, mita 40 pamoja na nguzo

Kwa choo: sinki la choo la kukaa, beseni la kunawia la kutundika ukutani, bomba la mkono mrefu, paipu za kushikia, taili za sakafu zenye mikwaruzo, kitasa kinachofunguka kwa nje, na kengele ya umeme yenye kamba.

Orodha hii ni ya kuanzia maongezi na muuza vifaa. Ardhi yako ikiwa ya mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, msingi utakwenda chini zaidi na saruji itaongezeka.

## Hatua ya 1: Tembea safari yote na chaki mkononi

Anzia barabarani. Kila mahali panapokuwa na ngazi, kizingiti, mtaro, mchanga mzito au mlango, chora alama na uandike kipimo papo hapo ukutani au sakafuni. Usiandike "ngazi tatu". Andika "ngazi tatu, jumla sm 47".

Ili kupata kimo halisi kutoka ardhini mpaka juu ya baraza, tumia mpira wa maji. Jaza maji, hakikisha hakuna kipovu ndani, shikilia ncha moja kwenye usawa wa baraza na nyingine pale rampu itakapoanzia. Pima kutoka usawa wa maji kushuka mpaka ardhini. Kupima urefu wa ngazi moja na kuzidisha kwa idadi ya ngazi kunadanganya, kwa sababu kiwanja nacho kinateremka. Kwenye viwanja vingi vya Dodoma, umbali wa mita sita tu unaweza kukuongezea au kukupunguzia sm 10.

Piga msumari sakafuni, funga kamba ya sm 75 na uchore duara. Hilo ndilo eneo la mita 1.5 ambalo kiti mwendo kinahitaji kugeuka. Lichore mbele ya mlango, mbele ya kaunta na ndani ya choo. Mahali duara linapogonga ukuta, rafu au friji ya soda, hapo pana kazi.

Umefanikiwa ikiwa una ukurasa mmoja wenye vikwazo vyote na vipimo vyake, kwa mpangilio wa mtu anavyokutana navyo.

## Hatua ya 2: Mpaka wa kiwanja na kibali

Kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji, jua kiwanja chako kinaishia wapi. Rampu inayotokeza kwenye hifadhi ya barabara itapigwa alama ya X na kuvunjwa, iwe ni barabara kuu ya TANROADS au ya mtaa ya TARURA, na hakuna atakayekusikiliza ukisema ni ya watu wenye ulemavu. Tafuta bikoni (alama za mpaka wa kiwanja), usitegemee mstari wa ukuta wa jirani.

Kibali cha ukarabati unaogusa kuta, milango au umbo la mbele la jengo kinaombwa Halmashauri ya Jiji. Mchoro uandaliwe na mbunifu majengo aliyesajiliwa, na ujenzi umpe mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Mwambie mbunifu aoneshe kwenye mchoro mteremko wa rampu kwa namba, upana wa mlango ukiwa wazi, na choo chenye vipimo vyote. Mchoro ulioandikwa neno "rampu" peke yake unamwachia fundi akisie.

Kama wewe ni mpangaji, pata ridhaa ya mwenye jengo kwa maandishi, na andikishaneni nani atalipa na nani atabaki na nini mkataba ukiisha.

## Hatua ya 3: Rampu

Hapa ndipo pesa nyingi inapopotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

### Hesabu ya urefu

Mteremko usizidi 1 kwa 12: kila sm 1 ya kupanda inahitaji sm 12 za kwenda mbele. Kwa hiyo:

- kupanda sm 15: mita 1.8
- kupanda sm 30: mita 3.6
- kupanda sm 45: mita 5.4
- kupanda sm 60: mita 7.2
- kupanda sm 75: mita 9

Huo ni urefu wa mteremko peke yake. Chini na juu ongeza jukwaa tambarare la mita 1.5 kwa 1.5. Kupanda kukizidi sm 75, weka jukwaa jingine la kupumzikia katikati. Hivyo baraza la sm 45 linataka mita 8.4, na wenye fremu wengi wana mita 3 tu kati ya baraza na mtaro.

Usikunje uso, zipo njia. Ya kwanza na nafuu ni kuigeuza rampu ipite sambamba na baraza, juu yake kukiwa na jukwaa linaloingia barazani kwa pembeni. Ya pili ni kuikunja: mita 2.7 kwenda, jukwaa, mita 2.7 kurudi. Ya tatu, ambayo watu huisahau, ni kushusha sakafu ya sehemu ya baraza au kuinua ardhi ya mbele kwa pevingi ili kimo chenyewe kipungue. Fremu nne zilizopangana zikishirikiana rampu moja na baraza moja lisilo na ngazi katikati, kila mmoja analipa robo. Ugomvi utakuwa nani aondoe mashine yake ya chipsi barazani, si gharama.

Njia isiyokubalika ni kufupisha. Rampu ya mita 2 kwa kimo cha sm 45 ni zaidi ya 1 kwa 5. Anayepanda peke yake atarudi kinyumenyume, na anayesukumwa atashuka na kiti kikimkimbia msukumaji. Hiyo ni bora isijengwe kabisa.

### Msingi na kujaza

Chimba msingi, mimina zege la chini, jenga ukuta wa nje kwa matofali ya inchi 6. Jaza moramu kwa tabaka za sm 15, mwagia maji kiasi, shindilia kila tabaka mpaka kisigino kisiache alama, ndipo umwage nyingine. Usijaze mabaki ya plasta, mifuko na vipande vya mbao kutoka kwenye ubomoaji. Mbao huita mchwa, na ikiliwa huacha shimo chini ya zege.

Kujaza kwa haraka kuna adhabu yake. Baada ya masika moja, kifusi kinashuka, zege linakaa chini, na pale rampu inapokutana na baraza panatokea ngazi ya sm 2 au 3. Mtu anayetembea haioni. Gurudumu dogo la mbele la kiti mwendo linagota hapo na aliyekaa anarushwa mbele. Kinga: kabla ya kumwaga zege, toboa ukingo wa baraza la zamani kina cha sm 20, kila baada ya sm 40, ingiza vipande vya nondo ya mm 12 vyenye urefu wa sm 40 kwa rojo la saruji, nusu ibaki nje imezwe na zege jipya.

### Zege na uso wake

Zege la unene wa sm 10, mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), nondo au mesh ikiwa imeinuliwa kwa vipande vya zege, isilale chini kwenye moramu. Upana uwe mita 1.2. Pande zilizo wazi jenga kingo ya sm 10 kwenda juu, ili gurudumu lisitoke na fimbo nyeupe ya asiyeona ipate kitu cha kugusa.

Uso uchanwe kwa ufagio wa chelewa wakati zege limeanza kukaza lakini bado linakubali alama. Chana kwa kukatisha mteremko, kutoka ukingo hadi ukingo. Ukichana kuelekea chini, umetengeneza vijimifereji vya kuteleza.

Usiweke taili. Tunajua taili zinapendeza na mafundi wanazipenda kwa sababu zinaficha kasoro. Lakini taili ya kung'aa yenye vumbi jembamba la Dodoma juu yake inateleza hata pasipo tone la mvua, na Desemba mvua zikianza inakuwa sabuni. Aliyekwisha kuweka taili asibandue zote. Akate mikanda ya sm 5 kila baada ya sm 15 kwa grinda na kujaza mchanga na saruji, ingawa kubandua ndiyo kazi safi.

Upepo mkavu wa huku unanyonya maji ya zege kabla halijakomaa. Mwaga asubuhi mapema au kuanzia saa kumi jioni, funika kwa magunia yaliyolowa au nailoni, mwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7. Nyufa nyembamba kama nywele zinazoonekana siku ileile ni dalili kwamba hukufunika.

### Kupima mteremko uliokwisha kujengwa

Laza pima maji ya sm 60 juu ya rampu, ikielekea mteremkoni. Inua ncha ya chini mpaka kipovu kikae katikati. Pima pengo chini ya ncha uliyoinua. Likiwa sm 5 au pungufu, mteremko ni 1 kwa 12 au mpole zaidi. Likiwa sm 6, umefika 1 kwa 10. Rudia sehemu tano tofauti, maana mafundi huweka tumbo katikati au hukaza mita ya mwisho ili kufidia hesabu iliyokosewa.

Jukwaa nalo litazamwe: linaweza kuteremka kidogo ili maji yatoke, lakini si zaidi ya sm 2 kwa mita moja.

Pima kabla hujamaliza kumlipa fundi.

### Mikono ya kushikia

Weka pande zote mbili, pamoja na upande wa baraza. Paipu ya juu iwe kati ya sm 85 na 95 kutoka usoni mwa rampu, ya pili sm 65 hadi 75 kwa watoto na watu wafupi. Zote zipite mwanzo na mwisho wa mteremko kwa sm 30, kisha zikunjwe kushuka chini au kurudi ukutani. Ncha iliyoachwa wazi inachana nguo na mbavu.

Paipu ya inchi moja na robo ina kipenyo cha nje cha mm 42, inakaa vizuri kiganjani. Ya inchi mbili mkono haufungi. Bomba la pembe nne ni baya kwa mtu anayeegemea mkono wake wote. Kati ya paipu na ukuta ziachwe sm 5.

Jua la saa saba linapasha chuma mpaka hakishikiki, na mwenye magongo hana uchaguzi wa kuachia. Paka rangi nyepesi inayoachana na rangi ya ukuta, na ukiweza refusha paa la baraza lifunike rampu.

## Hatua ya 4: Mwanzo wa rampu na bajaji

Wengi hawaji na gari lao. Wanashushwa na bajaji, au wanakuja na baiskeli ya miguu mitatu ya kuendesha kwa mikono. Kwa hiyo kabla ya kuchora eneo la maegesho, tengeneza mahali bajaji itasimama bila kuziba rampu: pevingi au zege tambarare, si mchanga wala kokoto zilizotawanywa. Gurudumu dogo likizama sm 3 kwenye mchanga, safari imeishia hapo.

Baiskeli ya mikono ni ndefu kuliko kiti mwendo na haigeuki kwenye jukwaa la mita 1.5. Iwekee kivuli karibu na mwanzo wa rampu ambapo mlinzi anaiona.

Eneo la gari liwe na upana wa mita 3.6, ili mlango ufunguke wote na kiti kikae pembeni. Mtaro unaokatiza ufunikwe. Ukitumia wavu wa nondo, matundu yasizidi mm 13 na nondo zikatize mwelekeo wa kupita, zisiwe sambamba nao.

## Hatua ya 5: Mlango

Upana unaohesabiwa ni ule wa wazi: fungua mlango nyuzi 90, pima kutoka usoni mwa ubao wa mlango hadi ukingo wa fremu upande wa pili. Uwe sm 80 kwa uchache, lenga 85. Ukimwagiza fundi "mlango wa sm 80", atakutengenezea fremu ya sm 80 kwa nje na utabaki na kama sm 68. Tundu la ukutani la sm 100 ndilo linaloacha karibu 85 ukiondoa fremu ya mbao na unene wa mlango. Mwandikie upana wa wazi kwenye karatasi, asaini.

Kutanua tundu la zamani kunataka linta mpya, ile boriti ya zege juu ya mlango. Usikubali kukata matofali pembeni na kuacha linta ya zamani ikiwa imeshikilia sm 5 kila upande. Iingie ukutani angalau sm 15 hadi 20.

Kisha kuna grili. Maduka mengi yana grili ya kukunja nje ya mlango, na ikikunjwa furushi lake linakula sm 15 hadi 25 za upana. Mlango wa aluminiamu wa sm 90 nyuma yake hausaidii kitu. Badilisha iwe ya kufunguka kwa bawaba kuelekea ukutani, au shata la kupanda juu. Reli ya chini ya grili nayo ni kizingiti: izamishwe sakafuni.

Kizingiti kisizidi mm 13, na kichongwe pembe. Kitasa kiwe cha mkono wa kushusha, sm 90 hadi 110 kutoka sakafuni. Cha duara hakizungushiki na mkono usio na nguvu. Upande wa kitasa, pale mlango unapovutwa, acha ukuta mtupu wa sm 60, kwa sababu mtu wa kiti mwendo hawezi kusimama mbele ya mlango unaomjia. Mlango wa kioo kitupu ubandikwe mikanda miwili ya rangi, mmoja kwenye kimo cha mita 1 na mwingine mita 1.5 hivi.

## Hatua ya 6: Kaunta na njia za ndani

Njia kuu iwe na upana wa mita 1.2, kati ya rafu isipungue sm 90. Sehemu ya kaunta yenye upana wa sm 90 ishushwe hadi sm 75 au 80, na chini yake pawe wazi kimo cha sm 70 ili magoti yaingie. Seremala anamaliza kwa siku moja. Swichi na mashine za malipo ziwe sm 90 hadi 110, soketi zisishuke chini ya sm 40.

Kwa wasioona, jambo kubwa ni vitu vinavyotokeza ukutani juu ya kiuno: vizimia moto, masanduku ya mita, mabango ya pembeni. Fimbo inapita chini, kichwa kinagonga. Vishushe au uviingize ukutani. Mabango ya ndani yawe na herufi kubwa, nyeusi juu ya nyeupe au njano, kimo cha macho. Kwa viziwi, namba ya foleni ionekane kwenye kioo au ubao. Anayeitwa kwa sauti tu hatajua zamu yake imepita.

## Hatua ya 7: Choo

Chumba kiwe mita 1.7 kwa 2.2 ndani. Vyoo vya zamani ni vidogo, mara nyingi viwili pembeni, hivyo njia ya kawaida ni kuvunja ukuta wa kati na kupata kimoja. Kabla ya nyundo ya kwanza, panda juu uangalie: kama tenki la maji limekaa juu ya slabu ya choo, ukuta huo unabeba tani nzima kwa kila lita 1,000. Muulize mhandisi.

Choo cha kuchuchumaa hakifai hapa. Sinki la kukaa liwe na kimo cha sm 45 hadi 48 pamoja na kiti chake. La kawaida ni fupi kuliko hapo, na mafundi huliinua kwa kujenga jukwaa la zege. Sawa, lakini jukwaa lisitokeze nje ya kitako cha sinki, maana sehemu ya miguu ya kiti mwendo italigonga na mtu hatafika karibu. Katikati ya sinki iwe sm 45 kutoka ukuta wa pembeni. Upande wa pili uachwe wazi kabisa, angalau sm 90, ambapo kiti mwendo kitakaa sambamba na sinki.

### Paipu za kushikia, na kwa nini zinang'oka

Paipu ya ukutani ilazwe sm 20 hadi 30 juu ya usawa wa kiti. Upande ulio wazi iwekwe ya kukunja kwenda juu, kama sm 32 kutoka katikati ya sinki. Kila moja ihimili mzigo wa kilo 110.

Tofali la mchanga lililonyimwa saruji halihimili. Fisha ya plastiki na skrubu ya inchi mbili zitakaa mwezi, kisha siku mtu anapojiinua kutoka kwenye kiti zinatoka na kipande cha plasta, naye anaanguka akiwa katikati, hayupo kwenye kiti wala kwenye sinki. Fanya hivi: toa kipande cha tofali cha sm 20 kwa 20 pale kila mguu wa paipu utakapofungwa, loweka shimo, jaza zege la 1:2:4 lenye kokoto ndogo, acha siku 7, ndipo utoboe na kufunga bolti za kutanua za mm 10. Ukuta ukiwa na upande wa nyuma unaofikika, pitisha bolti mpaka nje na ufunge bati la chuma la mm 5. Kisha mwambie fundi mwenyewe aning'inie kwa uzito wake wote. Akisita, umepata jibu.

### Yaliyobaki

Mlango ufunguke kwa nje. Ukifunguka kwa ndani, aliyeanguka anauziba na mwili wake. Kitasa kiweze kufunguliwa na sarafu kutoka nje.

Beseni la kunawia litundikwe bila mguu, ukingo wake sm 80, chini pawe wazi sm 68 au zaidi. Kioo kianzie sm 90. Shatafu iwe upande wa ukuta, ndani ya mkono wa aliyekaa. Kamba ya kengele ifike sm 10 kutoka sakafuni ili aliyelala chini aishike. Kengele ya mlango ya kawaida inatosha, ili mradi ilie mahali pana mtu. Sakafu iteremke kuelekea kwenye tundu la maji kwa sm 2 kwa mita, si zaidi, la sivyo kiti kinajisukuma chenyewe wakati mtu anahama.

Maji ya bomba yakikatika kwa mgao, kila mwenye jengo huleta pipa na ndoo, na pipa huwekwa palepale kwenye duara la kugeukia. Weka tenki juu na liunganishwe na choo hiki kwanza. Mafagio na madeki yapewe kabati nje. Choo kikubwa kisicho na kabati jirani kitakuwa stoo ndani ya wiki mbili.

## Hatua ya 8: Ghorofa

Lifti ya kufaa ina chumba cha mita 1.1 kwa 1.4 na mlango wa sm 80, na inahitaji umeme wa akiba. Kama bajeti haifiki hapo, shusha huduma: dawati moja chini lenye mtu wa kudumu, si namba ya simu iliyobandikwa. Ngazi zenyewe ziwe na hatua zinazolingana, sm 15 hadi 17 kwenda juu na sm 30 za kukanyaga, mkanda wa rangi ya kuachana wa sm 5 kwenye ukingo wa kila hatua, na mikono ya kushikia pande mbili.

## Hatua ya 9: Jaribio kabla ya kufungua

Waalike watumiaji wenyewe kupitia chama cha watu wenye ulemavu kilicho karibu, na uwalipe muda wao kama unavyomlipa mkaguzi. Angalau wawe mtu wa kiti mwendo, asiyeona anayetumia fimbo, na mwenye magongo. Wape kazi moja: shuka kwenye bajaji, nunua kitu, nenda chooni, toka. Asiguswe na mtu. Kaa kimya, andika mahali aliposimama, alipoomba msaada, alipogonga.

Umefanikiwa ikiwa wote watatu wametoka bila kusukumwa na bila kuulizia njia zaidi ya mara moja.

Rudia kupima pale rampu inapokutana na baraza kila Mei, mvua zikiisha. Kaza bolti za choo kila miezi sita. Na ufunguo wa choo hicho, kama lazima kifungwe, uning'inizwe mlangoni kwenye kimo cha mita 1. Ukikaa mfukoni mwa mlinzi, siku anayokwenda kula, choo hakipo.